Nigombee kuwakilisha wanafunzi tunaoishi mtaani, au niwaachie wenye fulana?

Binti Nansio (mwanzisha mada)

Habari zenu, na shikamooni mnaostahili.

Nasoma ualimu mwaka wa pili kwenye chuo kimoja hapa Mwanza, jina tuliache. Naishi mtaani upande wa Nyegezi, juu kwenye mawe, chumba kimoja na mwenzangu wa Sengerema. Nyumba nzima ni wanafunzi, ukimtoa fundi viatu wa chumba cha mbele.

Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi umekaribia na kambi mbili zimenifuata. Ya kwanza inataka niwe mgombea mwenza. Nikawauliza kazi za makamu wa rais ni zipi, mmoja akanijibu, "Wewe utatuombea kura hosteli ya wasichana, mengine tutapanga." Jamani! Kila mwaka rais ni mvulana na makamu ni msichana, na akishaapishwa hatumwoni tena mpaka siku ya kupokea mwaka wa kwanza, anagawa maji ya chupa. Hao niliwakatalia palepale.

Kambi ya pili ni majirani zangu. Wanataka niingie bunge la wanafunzi niwasemee tunaoishi nje ya hosteli. Hapa ndipo nimekwama.

Jambo lenyewe ni kodi ya chumba. Baba yangu ni mvuvi wa dagaa huko Ukerewe. Anayejua dagaa anajua kwamba hela yake inafuata giza. Usiku usio na mwezi taa zinawavuta dagaa na mtumbwi unarudi umejaa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa haina kazi, watu wanakaa mwaloni wanashona nyavu na kukopeshana sukari. Kwa hiyo kuna wiki naweza kupiga simu nyumbani kuomba hela, na kuna wiki jibu nalijua kabla simu haijaita. Zikija siku hizo natumiwa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwa meli, nashukuru, lakini mwenye nyumba hapokei michembe.

Bumu, yaani hela ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, nalo lina kalenda yake. Ni shilingi 10,000 kwa siku, ilikuwa 8,500 mpaka walipoipandisha. Ila haiji kwa siku, inakuja kwa mafungu, na fungu linaweza kuchelewa hata kama umeshasaini kila kilichotakiwa kusainiwa. Mwenye nyumba yeye anataka miezi sita mbele, tena siku unayoingia. Chumba chetu ni elfu hamsini kwa mwezi, piga hesabu mwenyewe.

Kalenda hizi tatu hazikutani, na katikati yake ndipo wanapokaa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa. Kuna wenzetu wameacha kadi ya benki kwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri. Bumu likiingia anatoa yeye kwanza, mwenye hela anapewa kilichobaki. Mwingine laptopu yake iko rehani na mtihani uko mlangoni, anasoma madesa kwenye simu iliyopasuka kioo.

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme. Sisi ndio tunaonunua umeme, kwa hiyo kodi ya nyumba ya mtu tunalipa sisi wapangaji. Mwenye nyumba ukimwambia anacheka.

Sasa wasikilizeni wagombea urais wetu. Mmoja anaahidi intaneti ya bure kwenye kila kimbweta cha kujisomea. Mwingine anaahidi "kudumisha ushirikiano na uongozi", sijui ulivunjika lini. Mwaka jana ilikuwa fulana, bando na pipi za kijiti. Kodi haitajwi na mtu, na sababu naijua: kura ziko hosteli. Mtu wa mtaani kipindi kikiisha anawahi kupanga foleni ya maji. Ziwa analiona dirishani, bomba halitoi.

Mjomba wangu anauza dagaa pale Kirumba, anasema siasa za chuo ndiko watu wanakojifunzia kula hela za wenzao kabla hawajazifikia za umma. Mama anasema nitapata sapu, nirudie mitihani. Mama namwogopa zaidi.

Swali langu: mbunge wa wanafunzi ana nguvu gani mbele ya mwenye nyumba binafsi ambaye hata chuo hakimjui? Au nitakuwa najipatia cheo tu?

---

Mpiga Debe Mstaafu

Dada, mimi nimepiga kampeni za chuo kwa mihula kadhaa, najua jiko linavyopikwa. Bunge la wanafunzi linakaa mara chache, na likikaa nusu ya muda ni taarifa, taratibu na kugombea nani aitwe mheshimiwa. Usitegemee hoja yako ipite kwa sababu ni nzuri. Kabla ya kuchukua fomu omba katiba ya serikali ya wanafunzi, soma sehemu ya fedha. Kila mwanafunzi analipa ada ya serikali hiyo pamoja na karo, wa mtaani na wa hosteli sawasawa. Ukiuliza hadharani ile ya watu wa mtaani imetumikaje, utaona watu wanavyokunja sura. Hapo ndipo utakuwa umeanza kampeni.

La pili, kituo cha kura. Kikiwekwa hosteli mmekwisha. Dai kiwe pale daladala zinaposhusha, asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza.

La tatu, mtu akikwambia "nakuchapishia mabango, usijali", jali sana.

---

Sheria Mwaka wa Tatu

Nikusaidie upande wa sheria, kwa sababu wagombea wengi wanaahidi "kushusha kodi za mageto" kama vile kuna ofisi ya kufanya hivyo. Zamani ilikuwepo. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984, ikafutwa 2005. Tangu hapo kodi ya chumba ni makubaliano kati ya mpangaji na mwenye nyumba. Rais wa chuo hawezi kumshushia mtu kodi, wala mkuu wa chuo hawezi.

Ndiyo maana mimi nisingepigania bei, ningepigania ratiba ya malipo. Kama ni makubaliano, yanaweza kuandikwa vingine, na watu thelathini wakienda na karatasi moja inasomwa tofauti na mmoja mmoja anayekuja kulia. Andikeni mkataba wa mfano, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kueleweka: tarehe za kulipa, nani analipa maji, nini kinatokea likizo, na hiyo kodi ya jengo ya LUKU ipunguzwe kwenye kodi ya chumba. Hiyo ya LUKU ni haki yenu kabisa, inayotozwa ni nyumba na mwenye nyumba ni yeye. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda. Ndogo, ila ni yake.

---

Babu wa Pasiansi

Marahaba wajukuu. Nimesoma nikatikisa kichwa. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam, chuo kikiwa bado kishiriki, waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya lazima. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300. Mwaka 1978 wakaandamana tena, safari hiyo kupinga marupurupu ya wakubwa, wakafukuzwa tena. Hao walikuwa wanafunzi. Ninyi leo mnajadili kodi ya chumba na pipi za kijiti. Siasa ya nchi mmeiachia nani?

---

Mkatwa Asilimia 15

Mimi nimeshaajiriwa, Bodi inanikata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Naomba tu mjue hilo bumu mnalompa mkopeshaji wa kausha damu mtalilipa tena kwa Bodi. Yaani hela moja mnailipa mara mbili. Gombea dada, sina la kuongeza.

---

Mama Wapangaji

Habari zenu wanangu. Mimi ni mwenye nyumba, nina vyumba vya wanafunzi huko huko mnakokusema. Naona mmetuchora kama majambazi, acheni niseme.

Mnasema miezi sita. Mnajua kwa nini? Likizo ndefu ikifika mnafunga mabegi, mnarudisha funguo, chumba kinakaa kitupu mpaka chuo kifunguliwe. Nyumba hii nimeijenga kwa mkopo wa kikoba, na kikoba hakina likizo. Nikichukua mwezi mwezi, miezi ya kiangazi nakula nini? Na wapo wanaoondoka usiku. Mwaka jana kijana mmoja, mpole, anasali, aliondoka na deni la maji la nyumba nzima maana yeye ndiye aliyekuwa anakusanya. Mpaka leo namtafuta. Kiti chake cha plastiki ninacho.

Halafu kuna jambo hamlijui. Mimi nikishusha peke yangu, wenzangu wa mtaani wananijia juu, wanasema nawaharibia soko. Tulishawahi kusemana vibaya kwenye msiba kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Lakini huyu binti ameeleza vizuri habari ya giza na mwezi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi, naielewa sana. Kama mngekuja kwa adabu, siyo kwa mabango, mimi ningekubali hivi: mtu achukue chumba mwaka mzima, alipe kwa mafungu yanayofuata bumu, kila fungu ndani ya wiki moja hela ikishaingia. Miezi ya likizo alipe nusu na vitu vyake abaki navyo ndani. Na mwenyekiti wa mtaa aweke mhuri. Bei siishushi.

LUKU nitaangalia.

---

Binti Nansio

Shikamoo mama. Kwa kweli sikutegemea mwenye nyumba ajibu humu. Hiyo ya kulipa nusu likizo na vitu kubaki ndani ni nzuri kuliko yote niliyokuwa nimeandika kwenye daftari, kwa sababu kila mwaka tunalipia bodaboda za kuhamisha godoro na kuomba pa kuliweka. Naomba kuuliza moja: na bumu likichelewa mwezi mzima, hiyo wiki moja inahesabiwa tangu lini?

Babu, nimekusikia, na heshima yako iko palepale. Ila hao wa 1966 nao walikuwa wanalalamikia mfuko wao: JKT walikuwa walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Ni chumba changu na kausha damu vilevile, tofauti wao walifika Ikulu. Anayekaa bila kadi yake ya benki hawezi kuniandamania kuhusu marupurupu ya mtu.

Mpiga Debe, katiba nimeiomba. Nimeambiwa nakala iko kwa katibu, katibu yuko fildi, mafunzo kwa vitendo, Shinyanga. Nitaendelea kuiomba.

Sheria, nitakutafuta kwa ajili ya mkataba wa mfano. Fomu nimechukua leo mchana, ya ubunge. Ile kambi ya kwanza wamepata mgombea mwenza mwingine, binti wa mwaka wa kwanza, na mabango yake yameshabandikwa, sura ya rais kubwa na yake kama stempu.

Mama, tukija watu watano Jumamosi hii tutakusumbua?

---

Mama Wapangaji

Wiki inahesabiwa siku hela inapoonekana kwenye simu yako, unanionyesha. Sina ugomvi na serikali.

Jumamosi sipo, nina msiba Magu. Njooni Jumapili baada ya ibada ya pili, watano siyo kumi, sina viti. Na mwenzenu yeyote anayemjua yule kijana wa deni la maji aje naye.