MREJESHO: yule wa kusali dakika mbili anasinzia

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza nifanyeje, maana nikianza kusali dakika mbili tu nishashika simu au nimelala. Nimefata ule ushauri mlionipa wa kusoma Mathayo 5 mpaka 7 kidogo kidogo, naamka saa kumi na moja kabla daladala za huku Ngamiani, Tanga mjini, hazijaanza honi, simu naifukia kwenye ndoo ya mchele (msicheke). Kufunga ijumaa nimechemka, chapati za jirani si mchezo. Ila ile 5:23-24, uache sadaka ukapatane kwanza na ndugu yako, ilinikaba wiki nzima, jumamosi nikapanda gari mpaka Muheza kwa braza, tulinuniana tangu 2021 kisa shamba la machungwa. Kafungua mlango kimya, akanivutia kiti. Shamba bado hatujaligusia.