Ushauri: Mtoto goti lilivimba, sasa maumivu yamehamia kifundo

MamaWawili: Wakuu, mwanangu ana miaka 9. Lilianza goti la kulia, likavimba na kuwa la moto. Siku mbili baadaye likapoa, kifundo cha mguu wa kushoto kikashika. Homa inapanda jioni. Hakuanguka. Nimkande kwa maji ya moto au nimpe kalsiamu?

Kingo: Kalsiamu haina kazi hapo. Kwenye kukanda, kitambaa kiwe vuguvugu, usisugue.

Vipimo Kwanza: Dada, wiki chache zilizopita aliumwa koo?

MamaWawili: Ndiyo, mafindofindo. Alipewa amoksilini, akapona.

Vipimo Kwanza: Alimaliza siku 10?

MamaWawili: Siku ya tatu alishakula vizuri, nikaacha. Mtoto amepona, ya nini kuendelea kumnywesha madawa?

Sauti ya Nyika: Wazazi tunaamini homa ikishuka ugonjwa umekwisha. Dozi ni dozi, jamani.

Vipimo Kwanza: Lawama baadaye. Streptokokasi wa kundi A, bakteria wa mafindofindo, ana protini M, na sehemu yake inafanana na miosini, protini ya misuli ya moyo. Kinga ikishajifunza kumshambulia, inageukia pia moyo na viungo. Ndiyo maana dalili huja wiki 1 hadi 5 baada ya koo kupona, na kipimo cha koo chaweza kutoka safi. Hii yaweza kuwa homa ya baridi yabisi. Viungo hupona, vali za moyo (vile vilango vya damu) zikishapata makovu hazirudi. Apimwe damu: ASO (alama ya streptokokasi), CRP na ESR (alama za uvimbe mwilini), kisha umeme wa moyo na eko, yaani ultrasound ya moyo.

MamaWawili: Lakini tangu jana uvimbe umeisha, anakimbia. Nimeshaamua kusubiri shule zifunge.

Mchungulia Nyuzi: Hii chai. Juzi kifundo kimeshika, leo anakimbia? Mods, futeni.

Vipimo Kwanza: Si lazima iwe chai. Dada, umempa dawa gani ya maumivu?

MamaWawili: Ibuprofeni. Sikuitaja kwa kuwa ni dawa ya kawaida tu.

Vipimo Kwanza: Basi ndiyo hiyo. Viungo vya ugonjwa huu hutulia ndani ya siku moja au mbili kwa ibuprofeni au aspirini, lakini moyo haulindwi. Tena maumivu yanaacha kuhama, daktari anakosa dalili muhimu. Isimamishe, tumia parasetamoli mpaka aonwe, na umweleze daktari yote uliyompa. Akihema kwa shida akilala, mpeleke usiku huohuo.

MamaWawili: Nasikia ugonjwa huu una sindano za muda mrefu, naogopa. Eko ikiwa safi bado atachomwa?

Vipimo Kwanza: Wakithibitisha, ndiyo, maana maambukizi mapya ya koo huuamsha ugonjwa, na kila mrudio unaongeza hatari kwa vali. Sindano ni ya benzathini penisilini, antibiotiki, kila wiki 3 au 4: uniti 600,000 au 1,200,000 kwa uzito, mara nyingi ile ndogo ni ya asiyezidi kilo 27. Moyo ukiwa salama, ni miaka 5 au hadi atimize 21, muda ulio mrefu zaidi. Omba ichanganywe na lidokeini, dawa ya ganzi, na isukumwe taratibu, dakika 2 hadi 3. Kama ana mzio wa penisilini sema mapema, na baada ya sindano akae hapohapo dakika 30.