Wahudumu wa afya, mnaagiza "fanya Kegel" kwa kila mtu bila kumpima, halafu tukiumia mnasema tuongeze bidii!

Wakuu, uzi huu ni wa hasira. Aliyekuja kutafuta utani apite tu.

Nimechoka na hili neno Kegel, yaani mazoezi ya kukaza na kuachia misuli ya chini ya nyonga, ile inayozuia mkojo. Ukikohoa mkojo ukachuruzika, fanya Kegel. Tendo la ndoa linauma, fanya Kegel. Umejifungua juzi, Kegel. Choo hakitoki mpaka ujikamue jasho, eti Kegel pia! Unapewa kikaratasi chenye mchoro, "bana kama unazuia mkojo, hesabu, achia", kisha anaitwa mgonjwa mwingine. Hakuna anayeangalia kama misuli yako imelegea au imekakamaa.

Yangu ilikuwa imekakamaa. Baada ya kujifungua nyonga zilikuwa zinauma, mkojo unanibana kila mara, nikifika chooni unatoka kwa kusuasua, na mambo ya chumbani yakageuka adhabu. Nikaambiwa nikaze. Nikakaza kama mwanafunzi anayesubiri mtihani wa taifa. Maumivu yakapanda. Niliporudi kulalamika nikaambiwa huenda sikazi vya kutosha, niongeze! Mwingine, bila hata kuinua macho kwenye faili, akanambia, "Mama, uzazi ndivyo ulivyo, utazoea." Nizoee nini sasa?

Ngoja niwaeleze nilichokuja kuelezwa na mtu wa fiziotherapia (tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi) aliyeijua kazi yake, maana nilipaswa kuelezwa siku ya kwanza. Misuli ya sakafu ya nyonga imetandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu kule nyuma. Imebeba kibofu, mfuko wa uzazi na mwisho wa utumbo mpana. Inatakiwa kubana, na inatakiwa kuachia. Ikishindwa kubana, unavuja. Ikishindwa kuachia, mkojo unakwama njiani, choo kinagoma, na kuingiliwa kunauma. Sasa mtu ambaye misuli yake haiachii, wewe unamwagiza akaze tena kutwa mara tatu? Huyo anahitaji kufundishwa kuachia: kuvuta pumzi ya taratibu mpaka tumboni, kunyoosha nyonga, na mtaalamu kulainisha kwa kidole yale mafundo yanayouma. Mimi hayo ndiyo yaliyonisaidia, tena polepole, si kwa muujiza.

Na hata kwa aliyelegea kweli, kikaratasi peke yake hakitoshi. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti Marekani: wanawake 47 walielekezwa kwa maneno tu, kisha wakapimwa wakati wanakaza. Waliofanya sawasawa walikuwa 23. Na 12 walikuwa wanafanya kwa namna ambayo ingeweza hata kuchochea kuvuja. Yaani mtu yuko nyumbani anajituma kwa moyo wote, kumbe anasukuma chini badala ya kuvuta juu, na hakuna wa kumwambia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Arnold Kegel mwenyewe, yule daktari wa wanawake wa Marekani aliyeandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948, hakuwa anagawa vikaratasi. Alikuwa na kifaa cha kupima mbano, kinawekwa ukeni, mgonjwa anaona kwa macho yake kama anakaza au hakazi. Jina lake wamelibeba, kipimo wamekiacha.

Mwongozo wa Uingereza kwa wanawake wanaovuja mkojo unasema mbano uhakikiwe kwa kidole ukeni kabla mazoezi hayajaanza, halafu ufanye chini ya msimamizi kwa miezi isiyopungua 3, walau kukaza mara 8, mara 3 kwa siku. Ufaransa, mwanamke akijifungua, vikao vya kurudisha misuli hii vinalipiwa na bima ya afya. Kwa hiyo msituambie ni anasa.

Na wanaume, msicheke mkidhani haiwahusu. Anayetolewa tezi dume kwa sababu ya saratani anaweza kuvuja mkojo miezi mingi, na misuli ni hii hii. Wapo pia wenye maumivu ya kinena yasiyoisha, wanamezeshwa antibiotiki raundi kwa raundi wakati vipimo havioni bakteria yeyote. Nani amewahi kuwapima sakafu ya nyonga?

Halafu nyie wa mitandaoni mnaouza "mazoezi ya kubana ili mume asitoke nje". Nyie nawaweka kundi lenu. Mtu ana maumivu, mnamuuzia kubana!

Najua kuna mtu atakuja kuandika kwamba bibi zetu walizaa watoto kumi bila fizio. Sawa, umeshawahi kumuuliza bibi yako kama alikuwa anavuja?

Kwa dada aliyepo kwenye hali kama yangu: kama kukaza kunakuongezea maumivu, simama kwanza, dai upimwe na fizio wa nyonga. Lazima akueleze anachotaka kufanya na akuombe ruhusa, na una haki ya kukataa kidole, yapo anayoweza kuyaona kwa nje. Usijizoeze kukatisha mkojo katikati kila ukienda haja, hiyo si mazoezi, inaharibu utaratibu wa kibofu kumwaga.

Wahudumu mliopo humu, nataka jibu bila kuzungusha: dawa ya presha hamwandiki kabla ya kupima presha, kwa nini hii mnaiandika kwa kukisia?