Tsai Ming-liang na fedha za umma: je, kodi igharamie filamu zinazotazamwa na wachache?

Wakuu, nawaletea ubishi ambao Wataiwani wameuvuta kwa miongo kadhaa: je, ni haki fedha za umma zimgharamie mwongozaji anayesifiwa ng'ambo huku nyumbani viti vikibaki vitupu? Jina linalotajwa sana ni Tsai Ming-liang. Msimamo wangu nautoa mapema: ni haki, na wanaomlaumu wanamtwisha mzigo usio wake.

Kwa wasiomfahamu, alizaliwa Kuching, Malaysia, mwaka 1957, akaenda Taipei kusomea tamthilia. Filamu yake ya pili ya sinema, Vive L'Amour, ilitolewa na Central Motion Picture, kampuni ya Kuomintang, chama kilichotawala Taiwan wakati ule, na mwaka 1994 ikapata Simba wa Dhahabu, tuzo ya juu kabisa ya tamasha la filamu la Venice. Mwishoni mwanamke anakatiza bustani ya Daan jijini Taipei, ambayo wakati ule ilikuwa bado tope na udongo uliofukuliwa, anakaa kwenye benchi, analia. Kamera imemkazia uso, haikati. Ananyamaza kidogo, anawasha sigara, anaanza tena kulia. Dakika sita hivi. Kuna watu waliotoka ukumbini wakilalamika, na kuna sisi ambao tukio lile halijatutoka kichwani.

Wapinzani wanasema hivi: waongozaji wa aina yake waliwatengenezea filamu majaji wa matamasha, mtazamaji wa kawaida akachoka, soko la filamu za Taiwan likafa. Hapa ndipo napinga kabisa. Miaka ya 1990 serikali ililegeza vikwazo vya idadi ya nakala za filamu za nje zinazoruhusiwa kuingizwa, na mwaka 2002 Taiwan ikaingia WTO, yaani Shirika la Biashara Duniani. Hollywood ikajaza kumbi. Mtu anayetoa filamu moja kila baada ya miaka miwili mitatu anauaje soko zima? Tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tsai mwenyewe na waigizaji wake walishika tiketi mikononi wakaziuza barabarani, mtu kwa mtu. Anayewadharau watazamaji hafanyi hivyo.

Halafu kuna jambo ambalo wapinzani hulirukia. Mwaka 2008 filamu ya Wei Te-sheng, Cape No. 7, iliingiza zaidi ya dola milioni 500 za Taiwan, watu wakasema hii ndiyo sinema ya wananchi. Sawa. Lakini Wei alijifunzia kazi wapi? Alikuwa msaidizi wa Edward Yang, mwongozaji mwingine wa matamasha aliyekuwa akilaumiwa vilevile, kwenye filamu ya Mahjong ya 1996. Na hiyo Cape No. 7 nayo ilipewa ruzuku ya serikali. Kwa hiyo ukifunga bomba kwa wale wa kwanza, unamnyima maji na huyu wa pili.

Nakubaliana na wapinzani kwenye jambo moja tu, nalo ni zito: fedha ya kutengeneza peke yake haitoshi. Filamu ikikamilika halafu ikakaa ukumbini siku chache na kuondolewa, mlipakodi ameona nini? Tsai alilitatua kwa njia yake. Stray Dogs ilipopata Tuzo Kuu ya Majaji Venice mwaka 2013, hakuiharakisha kwenye kumbi za biashara. Mwaka 2014 aliionyesha kwenye jumba la makumbusho la chuo kikuu pale Taipei, na zikawekwa nyakati za watu kulala humohumo usiku. Wapo wanaosema alikimbia umma akajificha kwa wasomi. Mimi naona aliwapa watu nafasi ya kuitazama kazi kwa muda inaoutaka, jambo ambalo ukumbi wa biashara usingemruhusu.

Sasa swali nawaachia, hasa nyinyi mnaopinga ruzuku: mngetumia kipimo gani kugawa fedha hizo? Mkisema mauzo ya tiketi, nielezeni Cape No. 7 ingepimwaje kabla haijaonyeshwa hata siku moja, wakati Wei alikuwa anakopa na kuweka nyumba rehani ili aimalize.