Land Cruiser 75 ya safari, nyuma imelala na nina milioni 2.4 tu: nianzie wapi kwenye springi?

Dereva wa Rhotia

Wakuu, habari za usiku. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kuhangaika na springi, maana mimi fedha ya kukosea sina.

Gari ni Land Cruiser HZJ75 ya 1996, injini 1HZ, springi za bamba (mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine) mbele na nyuma. Lina paa la kunyanyua, viti saba, friji na matangi mawili ya dizeli. Nililinunua mwaka jana kwa kampuni moja ya utalii iliyokuwa inapunguza magari, na ndilo pekee nililonalo. Lisipotoka, nyumbani hakuingii kitu.

Shida yenyewe ni hii. Nyuma limekaa chini. Nimepima kwa futi kamba kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa madigadi, gari likiwa tupu juu ya sakafu ya saruji: kushoto sentimita 49, kulia 45. Nikipakia wageni sita na mabegi yao, nikishaiacha lami pale geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, kila kishimo naisikia ekseli ikigota chasisi, ngo! Nikishapita njia panda ya Olduvai kuelekea Naabi, geti la Serengeti, kule barabara ilikokunjamana kama bati, mkia unatembea wenyewe. Nikizidi 50 ni kama niko juu ya kokoto zinazoviringika. Halafu kwenye lami, Makuyuni kuja Arusha, nikifika 80 lazima niusahihishe usukani muda wote.

Februari, msimu wa nyumbu kuzaa kule Ndutu, mama mmoja wa makamo aliniomba kwa upole nisimame. Akashuka, akakaa kwenye majani, mkono kiunoni, hakusema neno. Nilimpa maji nikabaki nimesimama tu pembeni yake. Tangu siku ile sipendi kusikia ule mlio.

Sasa ni masika, gari limeegeshwa. Kazi ya kwanza ni Juni 3. Fundi mmoja anataka tuliinue inchi 4 na tairi kubwa, jumla milioni 6.5. Mwingine anasema tubadilishe sheko tu, zile pleti mbili zinazoshika ncha ya springi, tuweke ndefu mbele na nyuma kwa laki 1.8. Mimi mfukoni nina milioni 2.4, na hiyo ndiyo yote. Nianze na springi au shokapu? Na hizi springi za zamani zinafaa kukunjwa upya, au nafukia hela?

Kijana wa Babati

Mkuu, sheko ndefu mbele usiweke. Mimi niliweka kwenye 75 yangu, zimezidi za kiwanda kwa sentimita 5 tu. Kupanda ilipanda, inavutia kuitazama. Ila nilipotoka nayo Babati kuelekea Minjingu, lori likinipita upepo wake unanisukuma mpaka ukingoni, na nikikata kona usukani haurudi wenyewe. Sheko ikirefuka inaizungusha ekseli ya mbele, kasta, yaani ule mlalo wa mhimili ambao tairi linageukia, inapungua. Kasta ndiyo inayofanya tairi lifuate njia, kama gurudumu la toroli la dukani linavyojigeuza. Nilikuja kuweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli, ikatulia kidogo, mwishowe nikarudisha sheko za kiwanda. Usukani wako tayari unatangatanga, usiuongezee.

Vitunguu Mang'ola

Habari kaka. Mimi nina ushauri wa bei ndogo. Nina 75 pikapu, nabeba vitunguu kutoka Mang'ola hadi Karatu. Niliongeza bamba moja la springi ya lori kila upande wa nyuma, nikalikata kwa kipimo, jumla nilitumia 120,000. Huu mwaka wa 3, nabeba tani na zaidi na nyuma haijalala. Hayo mambo mengine ni kutajirisha maduka.

Dereva wa Rhotia

Asante kaka. Je, ukiwa tupu linakaaje?

Vitunguu Mang'ola

Tupu ni gumu, siwezi kukuficha. Ila mimi situmii likiwa tupu.

Fundi Mstaafu

Kijana wangu wa Rhotia, nimesoma yote. Nimeshika spana miaka 31, zaidi ya nusu yake kwenye magari ya porini, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Huyu wa vitunguu kasema kweli kwa gari lake. Mzigo wake ni mmoja na haubadiliki. Wako ni watu, leo sita, kesho wawili. Springi iliyotengenezewa tani moja ukiipa wageni wawili haikunjiki kabisa, kila jiwe linapanda moja kwa moja kiunoni mwao. Yule mama ndiye unayemtengenezea gari, si kimo cha gari.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama: nenda kapime uzito. Pakia kama siku ya kazi, matangi yajae, weka watu au mifuko ya mahindi kwenye viti. Tafuta ghala la nafaka lenye mizani ya magari. Pandisha ekseli ya mbele peke yake, andika, halafu ya nyuma peke yake, andika. Muuza springi atakuuliza kilo unazobeba, na wengi wanajibu kwa kukisia, ndipo wanapewa springi ngumu kupita kiasi.

Hatua ya pili, lala chini ya gari na tochi. Sentimita 4 za tofauti kati ya kulia na kushoto si uzee peke yake. Nitajie friji iko upande gani, betri ya pili upande gani, jeki na tairi za akiba ziko wapi. Halafu angalia bamba moja moja, hasa pale linapotoka chini ya yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, na pale inapopita senta bolti, ile ya katikati inayoshika mabamba pamoja, ndipo yanapokatika. Yamejaa tope, ukiyasugua kwa brashi ya waya ufa unaonekana kama unywele mweusi.

Kuhusu kukunja springi za zamani. Inafanyika, na mafundi wazuri wapo, lakini bamba lililokunjwa kwa nyundo bila kurudishwa kwenye moto na kuzimwa kwa mafuta inavyotakiwa hulala tena mapema. Na usikubali mtu achomelee springi au aipashe moto kwa gesi ili aipinde. Chuma kile kimepewa ugumu wake kwa joto na joto ndilo linalouondoa. Kitakatikia hapo hapo alipochomelea.

Sasa shokapu, ambayo kila mtu anaiweka mwisho. Springi inabeba, shokapu inatuliza. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na mtikisiko unageuka joto. Kwenye barabara kama ile ya Naabi haipati nafasi ya kupumzika, mafuta yanachemka na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana gari linashika vizuri saa 1 asubuhi, ikifika saa 5 linaelea. Zenye gesi ya naitrojeni zinachelewa kutoa povu, lipia hiyo tofauti. Siku ukirudi kwenye vumbi, simama, sogeza mkono karibu na kila shokapu bila kuikamata. Tatu zikiwa za moto na moja imepoa, hiyo iliyopoa haifanyi kazi.

Kuhusu inchi 4, sikushauri. Springi hainyanyui difu, lile bonge la katikati ya ekseli, difu linanyanyuliwa na tairi peke yake. Utapandisha bodi na watu, gari lilale zaidi kwenye kona, propela ikae kwa pembe kali na kuimaliza krosi, kiungo chake, mipira ya breki ivutike. Na nyuma una valvu ya breki inayopima mzigo, ina fimbo iliyofungwa kwenye ekseli. Ukipandisha bodi bila kuirekebisha, inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma huku umebeba watu sita. Fikiria mteremko wa Rhotia kwenda Mto wa Mbu ukiwa hivyo.

Tairi baki na 7.50R16. Punguza upepo ukiacha lami. Mimi nilikuwa nashusha kama psi 10 kwenye mikunjo ile, napunguza na mwendo, nikirudi kwenye lami najaza.

Usukani unaotangatanga kautazame kwanza kwenye beringi za kingipini, pini ambazo tairi la mbele linageukia, na tairodi, fimbo inayounganisha tairi za mbele. Piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Leta majibu hapa kabla hujatoa hata shilingi moja.

Dereva wa Rhotia

Shikamoo mzee. Nimefanya kama ulivyosema, imenichukua siku nne.

Mizani, nikiwa na mifuko ya mahindi kwenye viti: mbele kilo 1,180, nyuma 1,690. Friji, betri ya pili na sanduku la spana, vyote viko kulia, nyuma ya kiti cha dereva. Pale napita kila siku na sikuwahi kuliwaza hilo.

Springi ya nyuma kulia: bamba la tatu kutoka juu limekatika, karibu vidole vitatu kutoka kwenye pleti ya yubolti. Kipande bado kilikuwa kimebanwa na wenzake, ndiyo maana kwa nje sikukiona. Ufa wenyewe ni mweusi wa kutu nusu nzima, na nusu iliyobaki inang'aa. Yaani lilikatika nusu zamani, likamalizika juzi juzi. Nimekishika mkononi nikakumbuka safari zote zile na watu nyuma.

Bushi zote za nyuma, ile mipira ya kwenye ncha za springi, zimekwisha, pini moja ya sheko imelika mpaka ina kiuno. Shokapu ya nyuma kulia nimeifungua, naisukuma kwa kidole inaingia yenyewe, haitoki. Kingipini ya kushoto inacheza.

Fundi Mstaafu

Marahaba. Sasa unajua unachonunua. Nyuma weka pakiti mbili mpya, yaani springi nzima na mabamba yake yote, zote mbili hata kama kushoto ni nzima, za mzigo wa wastani, dukani uwatajie ile kilo 1,690. Mbele springi zako ukizisafisha na kubadili bushi zitaendelea. Shokapu nne, lakini pima urefu kwanza: tairi likining'inia, na ekseli ikiwa imegota. Shokapu fupi ndiyo inayokuwa kizuizi badala ya springi, na inang'oka kwenye mashikio. Yubolti mpya, za zamani usirudishe, zimeshavutika. Halafu hamishia betri na sanduku kushoto, hiyo ni bure. Usikaze pini za sheko gari likiwa juu ya jeki. Lishushe likae kwenye uzito wake, ndipo ukaze, vinginevyo bushi zinajisokota siku ya kwanza.

Kijana wa Babati

Pia baada ya kilomita 500 kaza yubolti tena. Watu wengi wanasahau, springi inateleza, senta bolti inakatika.

Dereva wa Rhotia

Wakuu, nimerudi jana kutoka safari ya kwanza, siku nne, Ndutu na Seronera. Hesabu ilikwenda hivi: pakiti mbili za nyuma 900,000. Shokapu nne za gesi, 165,000 kila moja, 660,000. Bushi na pini 190,000. Yubolti nne za nyuma 72,000. Beringi za kingipini pande zote 140,000. Ufundi 250,000, alaimenti ya tairi 40,000. Jumla 2,252,000. Iliyobaki nilinunua kipima upepo kizuri, cha zamani kilikuwa kinadanganya kwa psi 6.

Gari tupu sasa ni 53 kushoto na 52 kulia. Halijainuka kwa kutisha, wageni wanapanda bila kigoda. Fimbo ya ile valvu ya breki tuliirekebisha, nikaijaribu mteremko wa Rhotia nikiwa peke yangu kabla ya kubeba mtu.

Kabla ya kuondoka nilipaka chokaa mipira ya kugotea, pande zote mbili, ili nijue kama ekseli bado inafika. Leo asubuhi nimelala chini na tochi. Kushoto chokaa iko vile vile, ina vumbi tu. Kulia imefutika pembeni, ukubwa wa sarafu. Nadhani ni lile korongo kabla ya Ndutu, nililiingia haraka kidogo. Mzee, hiyo ni kawaida?

Kwenye mikunjo ya Naabi nilishusha upepo kutoka 38 mpaka 28, nikaenda 60, mkia haukutembea. Kulikuwa na babu wa miaka 70 na kitu kiti cha nyuma kabisa. Alisinzia.

Fundi Mstaafu

Mpira ule uko pale uguswe siku moja moja, usiwe na wasiwasi. Ukisikia ngo! ndipo urudi hapa. Yubolti umekaza?

Dereva wa Rhotia

Nimekaza leo, kilomita 612. Kushoto hazikusogea, kulia nati mbili zimekubali robo mzunguko. Nimezipiga alama ya rangi nyeupe, nitaziangalia tena nikifika 1,000.