Kipimo kipi cha HPV kinaifaa maabara ndogo?

Fundi_Umoja: Salamu, wanajukwaa. Kliniki yetu hapa Nairobi inakusudia kuanza kupima HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, nami nimeagizwa kuchagua kati ya Xpert, cobas na Hybrid Capture 2. Naomba ushauri.

SampuliSafi: Ndugu, unauliza bei ya kitambaa bila kusema unashona nini. Mnapokea sampuli ngapi kwa siku, wagonjwa wenu ni akina nani, na mashine ya GeneXpert, inayoendesha kipimo cha Xpert, mnayo?

Fundi_Umoja: Samahani. Sampuli hazizidi kumi, wanawake wengi wanaishi na VVU, na GeneXpert ya moduli nne, yaani nafasi nne za kupimia, tunayo.

MamaMaabara: Basi ubishi wa nini? Xpert hutoa majibu kwa muda wa saa moja hivi. Hutafuta aina 14 za HPV, ambazo huitwa kwa namba, ikitaja 16 peke yake, 18 pamoja na 45, na zilizosalia kwa makundi. Hybrid Capture 2 hutafuta aina 13 bila kuzitenganisha.

Pipeti: Cobas nayo hutaja 16 na 18, kila moja peke yake, lakini tahadhari na mashine za kupima kwa mafungu. Nilikofanya kazi zamani tulinunua moja kwa sababu muuzaji alisifu wingi wa sampuli inazomudu. Sampuli zikawa haba, na kwa kuwa kuiendesha ikiwa nusu tupu kulipoteza vitendanishi (kemikali za kupimia), tukawa tunangoja fungu lijae. Majibu yalipotoka, akina mama wengine hawakupatikana tena kwa simu, na vitendanishi vikaisha muda vikiwa jokofuni.

Mdadisi: Kwa nini msichukue kipimo kinachotaja kila aina, pamoja na 6 na 11?

MamaMaabara: Hizo huleta chunjua za sehemu za siri, si saratani. Utamtia mgonjwa hofu bure.

Mdadisi: Na 35, ambayo katika saratani za Afrika huonekana zaidi kuliko kwingineko? Xpert huichanganya na 31, 33, 52 na 58.

SampuliSafi: Hoja hiyo ina uzito. Mwongozo wa WHO wa 2021 unataka wanaoishi na VVU waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 25, na anayekutwa na virusi apimwe tena kwa njia nyingine kabla ya kutibiwa. Kujua aina kunaweza kusaidia hapo. Je, mtaruhusu wajichukulie sampuli? Vipimo vinavyotafuta RNA ya virusi, badala ya DNA kama hivyo vitatu ulivyotaja, havijapendekezwa kwa sampuli za namna hiyo.

Fundi_Umoja: Hilo bado halijaamuliwa. Isitoshe, msimamizi wa kifua kikuu ameniambia kwamba moduli zote nne huwa na kazi ya vipimo vya kifua kikuu tangu asubuhi hadi alasiri.