Tupeane uzoefu: Wabeba maboksi wa Marekani, ulishawahi kubanwa na swali la "mbona wewe umeweza?"

Mzee wa Zamu ya Usiku:
Wadau, habari za wikiendi. Jana kazini limenikuta jambo, nikaona nisikae nalo peke yangu. Niko kwenye ghala la mizigo hapa Columbus, Ohio. Mapumziko ya chakula, televisheni ya ukutani ikagusia fidia ya utumwa. Msimamizi wetu, mzungu, si mtu mbaya siku zote, akanigeukia mbele ya wenzangu wawili weusi wazaliwa wa hapa. "Huyu hapa kaja na begi moja, leo ana nyumba. Mweusi kama nyinyi. Sasa nyinyi mnadai nini?"

Nilibaki na kijiko hewani. Wale wenzangu hawakumwangalia yeye, waliniangalia mimi. Nikasema chakula kimepoa, nikaenda kukipasha. Sisi tumegeuzwa fimbo ya kuwachapia wenzetu. Aliyewahi kukutana na hili alijibuje? Leteni uzoefu, matusi hapana.

Bint Chumbageni:
Nakazia. Fimbo kabisa. Mimi naulizwa saluni.

Kaka wa Dallas:
Mimi sioni kosa la huyo msimamizi. Nilifika hapa nikaosha vyombo, nikalala kwenye kochi la watu, nikasomea uuguzi usiku. Hakuna aliyenipa fidia ya mkoloni. Na wanaopinga si wazungu peke yao. Coleman Hughes, kijana mweusi, Juni 2019 alikaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akasema kulipa leo ni kuwatukana weusi wengi kwa kuweka bei kwenye mateso ya wazee wao. Obama mwenyewe, Siku ya Akina Baba 2008, alisimama kanisani Chicago akawaambia akina baba weusi waache kukimbia familia. Naye ni mbaguzi?

Mama Kulwa:
Kaka wa Dallas, wewe uliingia na viza mkononi na digrii ya Mlimani. Ubalozi ulishachuja, wenzako elfu wakaachwa Dar. Halafu unajilinganisha na mtu ambaye babu yake hakuruhusiwa kununua nyumba mtaa wa pili.

Na hiyo viza ujue ilikotoka. Sheria ya uhamiaji iliyotufungulia mlango ni ya Oktoba 1965. Machi mwaka huohuo weusi waliokuwa wanadai haki ya kupiga kura walikuwa wanapigwa virungu darajani Selma, Alabama. Waliopigwa ni hao unaowaita walalamishi.

Kaka wa Dallas:
Sijawaita walalamishi. Usiniwekee maneno mdomoni.

Mama Kulwa:
Umeyafikiria.

Shemeji wa Georgia:
Uzi huu umenikuta pabaya. Ngoja nimwage.

Mke wangu ni Mmarekani mweusi, kwao Macon, Georgia. Kila Julai ukoo mzima unakutana, wote fulana za rangi moja zenye jina la ukoo, nyama inachomwa tangu alfajiri. Mwaka huu kaka yangu mkubwa alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mwanza, nikaenda naye. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka wajomba walipoanza kuzungumzia fidia. Kaka akaweka sahani chini akasema, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, "Nchi hii ina fursa kila kona. Tatizo vijana wenu hawataki kujituma."

Meza ikanyamaza. Hata watoto waliacha kukimbizana, au labda ni mimi niliacha kuwasikia.

Baba mkwe ni mstaafu wa posta, kabeba barua maisha yake yote. Hakupandisha sauti. Akaingia ndani akatoka na faili la kahawia, akafuta meza kwa kiganja, akaweka karatasi moja moja mbele ya kaka. Ya kwanza ni sensa ya 1870, majina ya ukoo wao yamo. Ya pili ni ya 1860. Hapo juu kuna jina la bwana, chini yake mistari tu: umri, jinsia, rangi. Hakuna jina hata moja. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, mwanamke, 9, mweusi. "Nadhani huyu ni bibi wa bibi yangu. Nadhani. Siwezi kuthibitisha, kwa sababu aliyeandika hakuona haja ya kumwuliza jina."

Ya tatu ni cheti cha baba yake cha kutoka jeshini, vita ya pili. Akaeleza taratibu, kama mwalimu. Sheria ya 1944 iliwapa waliopigana mikopo ya nyumba yenye dhamana ya serikali. Lakini dhamana ni ya serikali, mkopo unatoka benki, na benki ya mji wao haikumkopesha mtu mweusi. Mzungu waliyerudi naye alipata nyumba. Nyumba ikapanda thamani, ikasomesha watoto, ikarithiwa. Baba yake alilipa kodi ya pango mpaka anakufa. "Mimi nilijituma. Baba yangu alijituma. Usinizungumzie kujituma, nizungumzie benki."

Lakini si hapo palipouma. Mama mkwe aliniangalia akaniuliza polepole, "Hivi ndivyo mnavyotusema mkiwa wenyewe?" Sikuwa na jibu, kwa sababu tunajua wote jibu ni lipi.

Bint Chumbageni:
Nizungumzie benki. Naiiba hii.

Mwana wa Bukavu:
Bandugu, miye niko Louisville. Ku kanisa yetu kuko batu banasema vile vile, eti Bamerekani beusi ni bavivu. Paka bo njo balitupatia bitanda ya kulalia wakati tulifika na batoto.

Mwalimu Nashville:
Tena mnalizungumza kama dai la jana. Hapahapa Nashville aliishi Callie House, mfua nguo, aliyezaliwa utumwani. Alikusanya watumwa wa zamani nchi nzima wadai pensheni kwa kazi waliyofanya bure. Serikali ikamshitaki kwamba anatumia posta kutapeli watu, akafungwa 1917. Muswada wa kuunda tume ya kuchunguza tu, kuchunguza jamani si kulipa, John Conyers aliuwasilisha Bungeni kwa mara ya kwanza 1989. Mpaka leo haujawa sheria.

Dereva wa Roli:
Kumbe kuna waliolipwa lakini. Nilisimama Washington nikasoma mahali fulani: Aprili 1862 walipofuta utumwa mji mkuu, serikali ililipa fidia hadi dola 300 kwa kila mtumwa. Nikafurahi. Kuja kusoma vizuri, aliyelipwa ni bwana. Mtumwa aliahidiwa hadi dola 100 kama atakubali kuhama nchi.

Mswahili wa Ng'ambo:
Unashangaa Washington? Unguja 1897 ilikuwa hivyohivyo, fidia walipewa mabwana. Mnaidai Marekani mate yanawatoka, kwenu mmenyamaza.

Mama Kulwa:
Mada ni Marekani. Za Unguja zifungulie uzi wake.

Mswahili wa Ng'ambo:
Ndiyo maana hamfiki popote. Mkiguswa kwenu, "fungua uzi wake".

Dereva wa Roli:
Jamani mimi nilikuwa nasimulia tu.

Mkwe wa Virginia:
Mimi ni Mkenya, mke wangu ni mzungu, kwao ni mashambani Virginia. Yangu nyinyi hamjawahi kuisikia.

Mama mkwe alifariki mwaka jana. Tukaenda kusafisha nyumba ili iuzwe. Kule juu ya dari mke wangu akapata sanduku la bati. Ndani kuna wosia wa babu wa mababu zao, wa kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Wino umekuwa wa kahawia lakini unasomeka. Orodha ya mali: farasi wawili, maksai, kisha majina. Jina, umri, bei. Hannah na mtoto wake mchanga wamewekwa bei moja. Halafu inaendelea, saa ya ukutani, vijiko vya fedha. Vile vijiko tulikuwa tumevifunga kwenye gazeti asubuhi hiyo.

Mke wangu akakaa sakafuni. Akasema sehemu yake ya pesa za nyumba hataki kula yote, atafute wazao wa hao watu. Ndugu yake akawaka. "Mimi sikummiliki mtu. Nimeanza kukata nyasi za watu nikiwa na miaka kumi na minne. Hakuna aliyenipa kitu." Akataka ile karatasi ichomwe. Dada mtu akaikumbatia. Kisha shemeji akanyoosha kidole kwangu: "Muulize mumeo. Mwafrika hapa ni yeye. Na amejenga maisha bila kumdai mtu."

Ngoja niingie zamu, naendelea baadaye.

Bint Chumbageni:
HAPANA. Huwezi kufungua sanduku la watu ukaondoka.

Dereva wa Roli:
Nimepaki roli. Naisubiri hapahapa.

Babu Kimara:
Ushauri wa bure: sema tumbo linakukata, nenda chooni, toka wakishamaliza.

Mama Kulwa:
Ushauri gani huo? Msimamie mkeo, tena hadharani.

Babu Kimara:
Mirathi si yake. Mkwe hana kura.

Kaka wa Dallas:
Shemeji mtu ana hoja lakini, tuwe wakweli. Na mimi nina swali ambalo hakuna anayelijibu. Nimepata uraia juzi. Fidia ikilipwa na serikali, inatoka kwenye kodi yangu. Nilimtumikisha nani mimi?

Mwalimu Nashville:
Deni ni la serikali, na serikali haifi. Ukichukua uraia unachukua na barabara zake na madeni yake. 1988 Reagan alisaini sheria ya dola 20,000 kwa kila Mmarekani mwenye asili ya Kijapani aliyefungwa makambini wakati wa vita na bado yuko hai. Waliolipia ni pamoja na watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa makambi.

Kaka wa Dallas:
"Bado yuko hai." Umejijibu mwenyewe.

Mwalimu Nashville:
Na yule aliyenyimwa mkopo 1946, watoto wake si wako hai? Soma tena ya Shemeji wa Georgia.

Dada wa Evanston:
Mimi nahudumia wazee majumbani Evanston, Illinois, huku wanalipa tayari. Pesa inatoka kwenye kodi ya bangi. Dola 25,000, kwa mweusi aliyeishi hapa kati ya 1919 na 1969, au uzao wake, kwa sababu ya ubaguzi wa nyumba, utumwa wenyewe haumo. Mwanzoni hupewi taslimu, ni ya kununua nyumba, kuikarabati au kulipia mkopo wake. Januari 2022 walichezesha bahati nasibu wakapata watu 16 wa kwanza. Mzee mmoja ninayemhudumia anasema ni kidogo sana na aliichukua. Yote mawili kwa pumzi moja.

Babu Kimara:
Sisi tumo?

Dada wa Evanston:
Hatumo, babu. Hata California, jopo lao la fidia Machi 2022 lilipiga kura 5 kwa 4 kwamba kigezo ni ukoo: wazao wa weusi waliokuwa Marekani kabla ya karne ya 19 kuisha.

Babu Kimara:
Basi naungana na Dallas.

Kaka wa Dallas:
Sitaki wafuasi wa namna hii.

Mkwe wa Virginia:
Nimerudi. Samahanini, zamu ilikuwa ndefu.

Nilimjibu hivi. Nilimwambia mimi si mtu wa kuulizwa, mimi natoka Machakos, hao walioandikwa humo si ukoo wangu. Wa kuulizwa wapo. Lile kanisa la weusi tunalolipita kila tukienda dukani, nusu ya makaburi yake yana jina la ukoo wenu. Yule baba anayekuja kutengeneza bomba la mama ana jina hilohilo. Hamjawahi kujiuliza alilipata wapi?

Akachukua funguo akaondoka. Hawazungumzi na dada yake mpaka leo, wanawasiliana kupitia wakili wa nyumba. Sanduku liko chumbani kwetu. Mke wangu anataka kwenda pale kanisani Jumapili na ile karatasi. Mimi naogopa. Unaingiaje kwa watu na karatasi yenye bei ya bibi yao?

Mama Kulwa:
Unaingia. Na mnakaa kiti cha nyuma.

Mswahili wa Ng'ambo:
Msiende na pesa siku ya kwanza. Itaonekana mnanunua msamaha. Hilo nasema kwa moyo safi.

Babu Kimara:
Nendeni na pesa. Msamaha mtajua baadaye.

Shemeji wa Georgia:
Mkwe wa Virginia, nakuomba kwa jina la Mungu, piga picha hiyo karatasi leo, kila ukurasa, kabla shemeji yako hajarudi na kiberiti. Nakala ipelekeni pia Maktaba ya Virginia kule Richmond, wanakusanya nyaraka za aina hiyo. Kuna watu wamegonga ukuta wa 1870, maana nyuma ya hapo sensa haina majina ya watumwa, wanatafuta jina moja tu. Baba mkwe wangu angeuza gari kwa karatasi yenye jina.

Mkwe wa Virginia:
Hilo la ukuta wa 1870 sikulijua. Napiga picha sasa hivi.

Mzee wa Zamu ya Usiku:
Uzi wangu umetekwa mchana kweupe, na bado sijapata jibu la kumpa msimamizi Jumatatu.

Dereva wa Roli:
Mwambie akuzungumzie benki.

Bint Chumbageni:
Shemeji wa Georgia, na yule kaka wa Mwanza alirudi salama?

Shemeji wa Georgia:
Hajarudi, yuko sebuleni kwangu. Kesho baba mkwe anampeleka kuvua samaki, wamekuwa marafiki. Ila suala la kujituma bado anabisha.